Miezi ya Kitambaa cha Kijani: Mwongozo kwa Kwaya na Watu wa Mitambo

Pentekoste na Utatu zikishapita, madhabahu huvikwa kitambaa cha kijani. Kwa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kijani hicho hakiondoki, ila kwa sikukuu mojamoja, mpaka Majilio. Mwaka 2026 Pentekoste inaangukia 24 Mei na Majilio yanaanza 29 Novemba. Katikati ni majuma 27, zaidi ya nusu ya mwaka. Hata makanisa ya Kipentekoste na ya Kisabato, ambayo hayahesabu majira kwa rangi za vitambaa, yanaijua hali yenyewe. Kuanzia Juni mambo hupoa. Pasaka imekwisha, Krismasi iko mbali, shule zimefungwa, wenye mashamba wako kwenye mavuno, na huku pwani kipupwe kimeingia. Kwaya iliyojaza jukwaa zima siku ya Pasaka inakuja mazoezini na watu kumi na wawili, saba kati yao sauti ya kwanza, na besi mmoja anayechungulia simu.

Hapo viongozi hugawanyika makundi mawili. Kuna anayevunja mazoezi "mpaka tutakapotangaziana", na tangazo halitoki mpaka Oktoba. Kuna anayeogopa ule ukimya, akatangaza tamasha, uzinduzi wa albamu, safari ya uinjilisti na sare mpya, vyote kabla ya Septemba. Huyu wa pili ndiye anayesifiwa kwenye mkutano mkuu, na ndiye anayefika Desemba na watu waliochoka kuliko walivyokuwa Mei.

Ukiniuliza mimi, miezi hii ina kazi moja kubwa, na nyingine zote zinaweza kungoja: kuutoa ujuzi kwenye kichwa cha mtu mmoja na kuugawa kwa wengi. Tazama huduma yako kwa jicho la mgeni. Mwalimu wa kwaya anazijua sauti zote nne za kila wimbo, wengine wanamfuata kwa masikio. Mpiga kinanda ni mmoja, na anapiga kila kitu kwenye ufunguo wa C, akibonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha. Fundi mitambo peke yake ndiye anayejua ni waya upi unaokwaruza na ni tundu lipi la miksa limekufa. Mwalimu akihamishwa kikazi kwenda Kigoma, kwaya inaanza alifu. Fundi akiugua, ibada nzima inasikiliza spika zikipiga miluzi. Desemba huwezi kulirekebisha hilo, kwa sababu Desemba kila mtu anamtegemea huyohuyo mmoja zaidi. Julai unaweza.

Kwanza hakikisha utulivu upo

Usikubali kuambiwa tu kwamba msimu ni mtulivu. Nenda ofisi ya parokia au usharika, omba kalenda, keti na kalamu. Kwa Wakatoliki, Juni na Julai huwa na misa za upadrisho na za shukrani, kipaimara hutegemea ratiba ya askofu, na Kupalizwa kwa Bikira Maria ni 15 Agosti. Kwa Walutheri, Siku ya Mikaeli na Watoto inakuja mwishoni mwa Septemba na haisubiri mtu. Parokia yenye somo wa Juni, Mtakatifu Antoni au Petro na Paulo, ina sikukuu yake katikati kabisa ya huo mnaouita utulivu. Kisha kuna harusi. Msimu wa kiangazi ni wa harusi, na kila harusi inataka kwaya, hata zile ambazo bwana harusi hajawahi kuonekana kanisani tangu kipaimara.

Kenya hesabu ni nyingine kidogo, kwa kuwa shule hufunga Agosti; mwenye kwaya ya watoto huko asinakili ratiba ya Tanzania. Nyanda za Juu Kusini, mwanakwaya mwenye ekari mbili za mahindi hayupo Juni, na kumtoza faini ya utoro ni kumfukuza kwa lugha ya adabu. Ukishakata siku zote hizo pengine zinabaki Jumamosi saba au nane zilizo wazi kweli. Hizo ndizo msimu wako. Zizungushie duara, zipeleke kwa mchungaji au paroko kabla hajazijaza na semina, na mwambie utazitumia kwa nini.

Pumziko liwe na majina na tarehe

Watu wakiambiwa "pumzikeni kidogo", wale wenye bidii hawapumziki na wale wavivu hawarudi. Panga zamu. Nusu ya kila sauti inapumzika Juni, nusu nyingine Julai, majina yabandikwe ubaoni. Akipinga mtu, mfungulie 1 Mambo ya Nyakati 25: waimbaji wa hekalu walikuwa 288, wakagawanywa makundi 24, kila kundi watu 12, na zamu zikapigiwa kura bila kutazama nani mkubwa nani mdogo, nani mwalimu nani mwanafunzi. Hekalu lenyewe halikuimbiwa na watu wote kila siku.

Jumapili ambazo kwaya ni nusu, waimbishe waumini. Nyimbo wanazo, ziko kwenye Tenzi za Rohoni, Mwimbieni Bwana, Nyimbo za Kristo au kitabu chochote cha kanisa lenu. Chagua wimbo mmoja wasioujua vizuri, uimbwe Jumapili nne mfululizo. Kufikia ya nne utasikia kanisa lina sauti yake, ambayo mwaka mzima ilikuwa imefunikwa na maikrofoni zetu.

Wa kuangaliwa zaidi ni fundi mitambo. Huyu hufika kabla ya mhudumu wa kufungua mlango na kuondoka akiwa amebeba nyaya. Wengi wana watoto ambao hawajawahi kukaa nao benchi moja kanisani. Mpe Jumapili mbili kamili akae na familia yake, na asiitwe kwa ishara ya mkono hata maiki ikikwaruza. Nanyi mtajua siku hiyo ni mambo mangapi alikuwa akiyafanya bila mtu kuona.

Lakini usimfungie mtu nje. Kwa mama mjane au kijana aliyehamia mjini juzi, mazoezi ya Jumamosi ndiyo ukoo wake. Anayetaka kuja na aje, hata kama zamu yake ni ya kupumzika. Apewe kiti, asipewe kazi.

Fundisheni sol-fa, kwa subira

Sasa kazi yenyewe. Kama una nguvu ya jambo moja tu msimu huu, liwe hili.

Sol-fa ilibuniwa Uingereza karne ya 19 na mwalimu Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaipanga upya na kuisambaza. Walikuwa wakiwafikiria watu wa kawaida na watoto wa shule za Jumapili, wasio na piano wala fedha za mwalimu wa muziki. Ndiyo maana iliposhuka huku na wamisionari ilishika, na mpaka leo makaratasi ya nyimbo zetu nyingi yamejaa d, r, m. Ajabu ni kwamba mwenye kuyasoma ni mwalimu peke yake. Wengine wanashika karatasi kwa heshima, macho yako kwenye maneno, na noti wanazikariri kwa kuimbiwa kipande kwa kipande. Wimbo wa kurasa tatu unachukua mwezi, na aliyekosa Jumamosi moja amepotea.

Usianze na wimbo mgeni. Chukua wimbo ambao kila mtu anaujua tangu utotoni, andika ubaoni mstari wa kwanza wa sauti ya kwanza, herufi tupu bila maneno. Zima kinanda. Waimbe wakitamka do, re, mi badala ya maneno. Mara ya kwanza watacheka. Mara ya pili watakosea pale wanapojisahau na kurudia maneno. Mara ya tatu au ya nne kuna mtu, mara nyingi wa sauti ya pili aliyekaa pembeni, atasema: kumbe pale tunaporuka ni kutoka s kwenda d ya juu. Hapo simama. Waimbe mruko huo peke yake, s hadi d', mara kumi. Watakuwa wamejifunza kitu ambacho wataweza kukitambua kwenye wimbo wowote mwingine mpaka kufa.

Herufi si tatizo kubwa. Tatizo ni alama ndogondogo katikati yake. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, mstari wa wima hutangulia pigo zito, kistari huendeleza noti iliyotangulia, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu. Kistari ndicho kinachoua kwaya. Mwimbaji akiona kistari anadhani hakuna kitu hapo, anakata sauti na kupumua, na sauti nne zinaachana njia. Dawa ni kofi. Piga kofi kwa kila pigo, kwaya ikisoma kwa kuongea tu, bila kuimba: "m, na m, na s". Besi hasa wapigishwe makofi, maana wana noti ndefu na pumzi fupi.

Dakika ishirini kila zoezi zinatosha. Ukifanya saa nzima watakimbia, nao watakuwa na haki. Juma linalofuata chukua sauti ya pili ya wimbo uleule, kisha ya tatu. Ukifika Jumamosi ya nne au ya tano leta wimbo wasioujua, mfupi, wa mistari miwili, na usiwaimbie. Kaa kimya hata ikikuuma. Watajikongoja kama mtoto anayejifunza kusoma gazeti, lakini watafika mwisho.

Wakati huohuo chagua watu wawili katika kila sauti wawe wasimamizi. Usiangalie nani ana sauti nzuri, angalia nani ana subira na anafika kwa wakati. Hao wafundishe mistari yao wenyewe. Gawa kanisa pembe nne, kila sauti na wasimamizi wake, na mwalimu azunguke tu. Kelele itakuwa kubwa. Mwalimu atatamani kuingilia kati kila dakika, ajizuie.

Mpiga kinanda naye asiachwe. Kila juma apewe wimbo mmoja wa kupiga bila kile kitufe, kwenye F juma hili, kwenye G lijalo. Na atafutiwe mwanafunzi, hata binti wa darasa la saba, akae naye kwenye kiti kilekile. Mpiga kinanda anayekataa mwanafunzi ana sababu zake, na mara nyingi sababu yenyewe ni posho za harusi. Zungumzeni naye waziwazi, msimseme pembeni.

Akiba ya nyimbo

Ile "Aleluya Kuu" ambayo kwaya zetu huitolea jasho kila mwaka ilitungwa katika msimu kama huu. Kumbi za London zilikuwa zimefungwa kwa kiangazi cha 1741 George Frideric Handel alipoketi kuandika oratorio yake ya Masihi. Alianza 22 Agosti na kumaliza 14 Septemba, siku 24, na ilisikika hadharani mara ya kwanza Dublin, 13 Aprili 1742. Walimu wa kwaya hupenda kuzisimulia siku hizo 24 kama muujiza. Mimi napenda kisa cha mwezi uliotangulia. Julai ya mwaka huohuo Handel alikuwa ameandika nyimbo ndogo za sauti mbili kwa Kiitaliano, za mapenzi, bila haja yoyote ya kanisa. Ile kwaya ya furaha juu ya mtoto aliyezaliwa kwa ajili yetu imechotwa kutoka humo. Alikuwa na kitu kabatini.

Kwaya yako nayo iwe na kabati. Robo saa ya mwisho ya zoezi, acha mtu yeyote aimbe kipande alichonacho, hata kiwe mstari mmoja usio na mwisho. Kirekodiwe kwa simu, kitajwe jina la mwenyewe na tarehe, kihifadhiwe. Usikisahihishe siku hiyo. Kati ya vipande ishirini huenda viwili vikawa wimbo, na hivyo viwili hamngevipata Novemba mkiwa mnakimbizana na Majilio.

Tembeleeni pia wazee. Katika kila mtaa kuna bibi anayejua nyimbo ambazo hazimo kitabuni, zilizoimbwa kwa mapigo ya ngoma za huko kwao. "Mfurahini, Haleluya" wa mchungaji Bernard Kyamanywa wa Kagera unaimbwa leo kila Pasaka na Walutheri wa Marekani na Ulaya ambao hawajui Bukoba iko wapi. Na Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, aliandika kitabu kizima mwaka 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia. Njia ilikwisha kufunguliwa zamani. Mwombeni bibi ruhusa, mrekodini, andikeni jina lake.

Kwa watunzi, jambo moja la ufundi ambalo linasahaulika mno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: mwo-KO-zi, ba-RA-ka, tu-na-ku-shu-KU-ru, ha-le-LU-ya. Mtunzi akiangusha pigo zito na noti ndefu kwenye silabi ya mwisho, neno linageuka, na msikilizaji anasikia "mwokoziii" bila kujua kinachomkera ni nini. Nyimbo nyingi za kale zilizotafsiriwa juu ya tuni za Ulaya zina kasoro hiyo, nasi tumezizoea na kuzipenda hivyohivyo. Wimbo mpya hauna kisingizio hicho. Kabla ya kutafuta tuni, soma maneno kwa sauti ya mazungumzo, piga kofi pale mkazo unapoangukia, andika alama juu ya silabi. Tuni ifuate kofi. Mstari ukikataa, badilisha neno. Kiswahili kina maneno ya kutosha.

Mkikusudia kurekodi, Agosti ni bora kuliko Novemba, kwa kuwa studio hazijajaa na sauti hazijachoka. Lakini kabla ya kulipa hata shilingi, kila wimbo uwe na karatasi inayosema nani alitunga maneno, nani tuni, nani alipanga sauti. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA ndiyo inayosajili kazi. Ugomvi wa "wimbo ni wangu" huanza siku wimbo unapopendwa, na wakati huo makubaliano ya mdomo kila mtu anayakumbuka kwa namna yake.

Mitambo, nyaya, ngoma

Chukua Jumamosi moja, toeni kila kitu nje mkakitandaze kwenye mkeka. Nasema kila kitu, pamoja na lile sanduku la chini ya ngazi ambalo hakuna aliyelifungua tangu uongozi uliopita.

Anzeni na nyaya, kwa sababu matatizo mengi ya sauti yanayolaumiwa kwa miksa ni ya nyaya. Chomeka waya mmoja, weka sauti ya chini, upinde taratibu karibu na kichwa chake, upande huu na upande huu. Ukikwaruza hapo, umekatika ndani kwenye kiungio. Usiutupe, fundi redio wa mtaani ataukata sentimita chache na kuuchomelea upya kwa bei ndogo kuliko ya waya mpya. Uliopona ufungwe utepe wa rangi na namba. Unaosubiri fundi ufungwe fundo, ili asije mtu akauchukua Jumapili gizani. Kisha wafundisheni vijana kuukunja kwa duara bila kuuviringa kwenye kiwiko, maana kiwiko ndicho kinachozisokota nyaya za ndani mpaka zikatike. Hili peke yake litawaokolea fedha za mwaka.

Betri zitolewe kwenye maiki zisizo na waya kabla hazijavuja. Vumbi lifutwe kwa brashi kavu, Dodoma na Singida hasa. Pwani adui ni chumvi na unyevu, kwa hiyo kabati la vifaa lisigusane na ukuta. Umeme wetu wa volti 230 hupanda na kushuka, na umeme ukikatika na kurudi ghafla ndipo vifaa hufa. Kama hamna kidhibiti umeme, hicho kinunuliwe kabla ya spika mpya. Tena kinunuliwe kabla ya sare. Nimeona kwaya yenye vitenge vya sare seti nne na miksa yenye vitelezi vitatu vinavyofanya kazi, na hakuna aliyeona kichekesho hapo.

Ngoma za ngozi zinataka kiangazi. Ngozi mpya inahitaji siku kadhaa za jua ikauke ikiwa imevutwa sawasawa. Ukiiwamba wakati wa masika italegea, itanuka, na utarudia kazi. Kwa hiyo ngoma iliyopasuka Pasaka iwambwe Julai, na kijana mmoja akae na mwambaji atazame mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo, fundi mitambo aandike karatasi moja: nini kinachomekwa wapi, nini kinawashwa kwanza na nini mwisho (vikuza sauti huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza), kila kitelezi kiko wapi siku ya ibada ya kawaida. Ichorwe kwa mkono, ipigwe picha, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Vijana wawili waisome na kuwasha mitambo yote yeye akiwa amefunga mikono. Karatasi ikiwapoteza mahali, karatasi ndiyo irekebishwe.

Mambo ya kompyuta ni mafupi lakini yanauma. Mara ngapi chaneli ya kwaya imebaki na nywila ya kijana aliyeoa akahamia mkoa mwingine? Akaunti zote ziwe na barua pepe ya kanisa, nywila ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha, zikae kwa katibu. Nyimbo, video na makaratasi ya sol-fa viwe na nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Flashi si nakala. Flashi ni kitu kinachopotea kwenye mfuko wa suruali.

Watoto, na vijana walio likizo

Wanafunzi wa vyuo wanaporudi nyumbani Julai au Agosti huachwa wakae benchi la nyuma kama wageni. Kumbe huko vyuoni, kwenye kwaya za jumuiya za wanafunzi kama USCF, TMCS au CASFETA, wamejifunza nyimbo, wamepiga vinanda, wamerusha ibada mbashara kwa simu. Wape kazi yenye mwanzo na mwisho: wiki sita, kufundisha kundi la watoto ngonjera na nyimbo mbili za Siku ya Mikaeli na Watoto, au za Krismasi kwa makanisa mengine. Mtoto anayekariri ngonjera Julai anaitamka Septemba kama maneno yake mwenyewe. Yule anayeikariri siku tatu kabla huimaliza kwa machozi, na mama yake analia naye kwenye benchi la mbele.

Igizo la Krismasi nalo liandikwe sasa, hata rasimu tu. Wachungaji wa Bethlehemu wavae mashuka kila mwaka kama mtakavyo, lakini Herode apewe maneno mapya.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba

Weka tarehe ya mtihani, na uitangaze mapema ili isionekane ni hasira. Siku hiyo mwalimu wa kwaya haji mazoezini. Fundi mitambo haji. Mpiga kinanda mkuu haji. Funguo za kabati ziwe kwa msimamizi wa sauti, na kwenye bahasha kuwe na wimbo mmoja mpya wa Majilio, karatasi za sol-fa za kutosha, bila rekodi yoyote. Wanakwaya wafungue, wawashe mitambo kwa ile karatasi ya mlangoni, wagawane pembe nne, wajifunze ukurasa wa kwanza, waurekodi kwa simu, wazime, wafunge.

Kwa Wakatoliki ukurasa huo unaweza kuwa wa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, 22 Novemba, maana siku hiyo kwaya zote za dekania zitakuwa zinatazamana.

Mwalimu asikilize rekodi hiyo Jumapili jioni na kalamu mkononi. Atasikia wapi besi walikata kistari, ni sauti gani iliyokosa msimamizi wa kuishika, maiki ipi ilikwaruza, dakika ngapi zilipotea kutafuta funguo. Ayaandike yote kwa mpangilio wa ukubwa, achukue matatu ya juu, na hayo matatu ndiyo ratiba ya mazoezi ya Oktoba.